Maziwa ya Mzee Bujiku

Watu wa Nkololo wakitaka kumsifu baba yangu hawasemi kwamba alikuwa na ng'ombe wengi, kwa sababu hakuwa nao wengi. Husema, "Bujiku alikuwa wa kwanza kufika." Wanamaanisha kwenye yowe. Kwetu mtu akiibiwa ng'ombe hupiga yowe, na kila mwanamume anayelisikia huacha alichoshika, akachukua fimbo au upinde, akakimbilia linakotoka huku akilipokeza kwa jirani wa mbele. Asiyekwenda hutozwa faini na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Akirudia hutengwa: hasalimiwi, hapewi hata kaa la moto, na akifiwa anachimba kaburi peke yake.

Baba hakuwahi kutozwa faini. Wiki niliyozaliwa, ng'ombe wa jirani yetu walichukuliwa alfajiri, naye akazifuata nyayo hadi upande wa Migato. Alikaa siku mbili bila kula, akarudi nao wote, ndama mmoja akiwa amembeba mabegani. Mama alinisimulia kwamba alipofika hakuomba maji wala chakula. Aliuliza tu kama mtoto ameshapewa jina, akaambiwa anasubiriwa yeye. Akaniita Kwandu, jina la mama yake.

Ng'ombe wake hakuwahesabu kwa namba. Alisimama mlangoni mwa zizi asubuhi, kibuyu chake chenye shingo iliyopinda mkononi, akanywa maziwa taratibu huku akiwataja mmoja mmoja kwa rangi zao walivyokuwa wakitoka. Mpaka wa mwisho atoke, huwezi kumwambia neno. Hata mwenyekiti wa kijiji akija na barua ya serikali atasubiri. Nilipofaulu kwenda sekondari alimtoa mweusi mwenye baka jeupe la paji la uso, ng'ombe aliyempenda kuliko wote, akampeleka mnadani. Asubuhi iliyofuata alisimama pale pale akiwataja waliobaki, kibuyu akiwa hajakigusa.

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja mjini Bariadi. Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu ni mashahidi, na nina ugonjwa mwingine ambao ni wa walimu wote: siwezi kuona kitu nikakiacha bila kukieleza. Ulimi hauna mfupa, wangu ndio kabisa. Huo ulimi ndio uliomponza baba yangu, na ninaandika haya ili nisije siku moja nikajisingizia kwamba ilikuwa vinginevyo.

Ugonjwa ulianza kwa mambo madogo. Aliwataja ng'ombe asubuhi akamtaja na yule mweusi mwenye baka, aliyeuzwa zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita, akakasirika alipoambiwa hayupo. Halafu akapotea akitoka mnadani, njia aliyoipita maisha yake yote, akakutwa amekaa kwenye shamba la pamba la watu anavua viatu kana kwamba amefika nyumbani. Majirani walikuwa na maneno yao. Mdogo wangu Nyanda, ambaye ndiye anayekaa na baba, alimpeleka kwa mganga mmoja, wakarudi na hirizi mkononi. Nilipoiona nilifoka mpaka kuku wakakimbia uani. Nikampeleka baba hospitali mwenyewe.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituambia ni ugonjwa wa usahaulifu, kwamba seli za ubongo zinakufa kidogo kidogo, kwamba dawa ya kuurudisha nyuma haipo, na kwamba tumtunze, tumpende, asiwe peke yake. Mtu mwingine angeshika hayo akaenda nayo nyumbani. Mimi nilitaka kujua zinakufaje. Nikawa kila jioni baada ya kusahihisha madaftari nasoma kwenye simu, makala za wataalamu, nusu naelewa na nusu najilazimisha. Sasa naona kwamba kusoma kule kulikuwa namna yangu ya kulia.

Jumapili moja Nyanda alinipigia, akaweka spika ili mkewe Lukresia naye asikie.

"Dada," akasema, "hicho kinachomla baba kichwani ni kitu gani hasa? Hapa kila mtu ana lake. Wewe umesoma, tupe la kweli."

Unamwambia hivyo mwalimu! Nilikaa sawa kwenye kiti kama niko mbele ya darasa.

Nikawaambia kwamba ndani ya seli za ubongo huingia kalsiamu, na ni lazima iingie, maana bila hiyo seli haiwezi kupeleka habari kwa mwenzake. Lakini ikiingia ikazurura humo bila mtu wa kuishika, inaharibu. Kwa hiyo seli ina protini ambazo kazi yake ni kuikamata kalsiamu na kuituliza, na moja yao inaitwa kalbindini. Wataalamu wamechunguza bongo za watu waliokufa na ugonjwa kama wa baba, wakakuta kwamba katika baadhi ya sehemu protini hiyo imepungua sana. Bado wanabishana kama kupungua huko ndiko kunakoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoleta kupungua.

Nikajua nimewapoteza. Nikatafuta mfano.

"Nyanda, chukulia kalsiamu ni ng'ombe. Wanapita katikati ya mashamba kwenda kunywa maji. Lazima wapite, si ndiyo? Protini ndio wachungaji. Wachungaji wakitosha, ng'ombe wanapita na mahindi yanabaki. Wachungaji wakipungua, ng'ombe wanaingia shambani. Kichwani mwa baba wachungaji wamepungua, na hawaongezeki."

"Aa!" akasema Nyanda, na nikasikia Lukresia naye akiguna kwa kuelewa. "Sasa nimekuelewa, dada. Nimekuelewa kabisa."

Nililala nikiwa nimejisifu. Miaka kumi na minne nafundisha na bado sikuwa nimejifunza kwamba mwanafunzi anayesema ameelewa, na hana swali, ndiye wa kumwogopa.

Miezi mitatu ikapita. Ilikuwa kipindi cha mitihani, sikwenda nyumbani, nilipiga simu tu. Nikiuliza hali ya baba naambiwa yupo, amekonda kidogo. Kisha Nyanda akapiga siku ya kazi, saa nne asubuhi, sauti imemkauka.

"Dada, njoo. Baba amepiga yowe leo mara ya tatu."

"Yowe la nini?"

"Anasema ng'ombe wameibiwa. Hawajaibiwa, ninao mimi malishoni. Watu wanatoka mbio na mishale wananikuta mimi. Mara ya kwanza walicheka. Leo jirani Shigela amechomwa na kisiki mguuni akikimbia, kisiki kimeingia mpaka ndani. Watu wameacha palizi ya pamba, wamekasirika. Jumapili sungusungu wanakaa. Wanasema yowe la baba lisiitikiwe tena."

Asiyetoka kijijini hawezi kujua uzito wa neno hilo. Mwizi huuawa mara moja, lakini mtu ambaye yowe lake haliitikiwi anakuwa amezikwa huku anatembea. Na huyu ni Bujiku, aliyekuwa wa kwanza kufika. Mwenye kumbukumbu nzima angeumia. Sikujua kama baba bado angeelewa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba apige yowe, asikie kimya, asijue kwa nini.

Jumamosi nilichukua bodaboda mpaka nyumbani. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa zizi tupu. Alikuwa amekonda, si kidogo kama walivyoniambia. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya shati. Mkononi alishika kibuyu chake, nacho kilikuwa kikavu, kimeanza kupasuka mdomoni.

"Mwadila, baba," nikamsalimia.

"Mwadila, mayu." Siku hiyo alinijua. Huniita mayu, mama, kwa sababu ya jina nililobeba. "Umekuja kunifariji. Umesikia basi."

"Nimesikia nini, baba?"

"Wameniishia. Wote." Akanionyesha zizi. "Naamka, hawapo. Harufu ya maziwa hakuna. Watu wa hapa wananidanganya kwamba wapo. Mtu mwenye ng'ombe si anakunywa maziwa? Mimi nakunywa chai ya rangi kama askari wa lindoni. Angekuwa hata mmoja amebaki, si wangenipa?"

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayethibitisha hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Ndipo hasira ikanipanda. Niliingia jikoni kwa Lukresia bila hata kubisha hodi.

"Kwa nini baba hapewi maziwa?"

Lukresia aliacha mwiko ndani ya chungu. Ni mwanamke mnyenyekevu, tangu aolewe hajawahi kuninyanyulia sauti. Akanitazama kama mtu anayehisi anatiwa mtegoni.

"Si ulisema wewe, wifi?"

"Mimi?"

"Ulisema kalsiamu ndiyo inayoharibu kichwa cha baba. Na kliniki nilipokuwa na mimba nesi alituambia, maziwa na dagaa ndimo ilimo kalsiamu. Tangu ile siku hatujampa. Hata dagaa hatupiki tena hapa. Siku za kwanza alikuwa analia akiwaona wenzake wanakunywa. Tukaona tusimtese. Nakamua kabla hajaamka, maziwa nayapeleka kwa jirani, na Nyanda anawatoa ng'ombe mapema asisikie harufu." Machozi yakamtoka. "Wifi, unafikiri ilikuwa rahisi? Kumnyima mkwe wangu maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe?"

Nyanda alikuwa amefika mlangoni. Nikamgeukia yeye, maana nilihitaji mtu wa kumfokea.

"Dada, ulisema wachungaji wamepungua," akasema kabla sijafungua mdomo. "Na ukasema hawaongezeki. Sasa wachungaji wakipungua na huna wa kuwaongeza, mfugaji anafanya nini? Anapunguza ng'ombe. Mimi nilifanya hivyo."

Mfano ulikuwa wangu, yeye aliufuata tu mpaka mwisho, kama mfugaji yeyote mwenye akili angefanya. Nilikaa chini kwenye kigoda. Nilitaka kusema wajinga, na mjinga aliyekuwa mle jikoni alikuwa mimi.

Nikawaeleza upya, safari hii bila ng'ombe. Kwamba maziwa unayokunywa hayaendi kujaa kichwani. Kwamba mwili unaipima kalsiamu ya damu usiku na mchana, hauiachi izidi ovyo wala ipungue, na usipoila unaichota kwenye mifupa yako mwenyewe. Kwamba tatizo la baba liko ndani kabisa ya seli, mahali ambapo kikombe cha maziwa hakina habari napo. Kwamba kwa miezi mitatu tumemwondolea chakula na hatukumwondolea ugonjwa. Nyanda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo angeniuliza ile Jumapili tungepona wote.

"Kwa hiyo tumemnyima bure?"

"Bure," nikasema.

Alitoka nje. Nilimwona amesimama nyuma ya ghala, mikono kichwani, mwanamume mzima, mabega yanamtikisika.

Jioni ile ng'ombe waliporudi Lukresia alikamua mbele ya baba. Alikisuuza kibuyu kilichopasuka mdomo, akakijaza, akampigia goti. Baba alinusa kwanza. Akanywa kidogo, akasimama, akaanza kuwataja waliokuwa zizini kwa rangi zao. Wawili aliwakosea. Hakuna aliyemsahihisha.

Kesho yake sungusungu walikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mtemi wao ni Mzee Mahona, mtu mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Shigela alikuwepo, mguu umefungwa matambara, ameegemea mkongojo wa mti. Walisema wengi na walisema ukweli. Mmoja alisema yowe ni kitu cha kijiji, si mchezo wa mgonjwa. Mwingine akasema siku wezi wa kweli watakapokuja, watu watadhani ni Bujiku, watabaki na majembe yao. Nyanda alikuwa ameinamisha kichwa.

Niliomba kusema. Kuna walioguna, mwanamke asimame kikaoni hapo, lakini Mahona aliinua kidole.

Nikawaambia kwamba kosa ni langu. Nikaeleza yote, kalbindini na wachungaji na maziwa. Baadhi walicheka pale palipochekesha, nami sikuwalaumu. Nikasema, "Baba hakupiga yowe la uongo. Aliamka akakuta zizi tupu, maziwa hakuna. Nani kati yenu angekaa kimya? Mkitaka kutoa adhabu mnipe mimi. Lakini msiache kumwitikia. Aliwaitikia ninyi wote." Nikakaa chini.

Shigela ndiye aliyesema kwanza. "Ng'ombe waliokwenda Migato walikuwa wa baba yangu," akasema. "Na yule ndama alikuja kuwa mama wa ng'ombe wangu wote. Mguu utapona."

Mahona alinigeukia. "Mwalimu, hao wachungaji wa kichwani, wanaweza kuongezwa?"

"Bado, mzee. Watu wanatafuta. Huenda siku moja. Kwa baba hapana."

"Na kwa hiyo ataendelea kupiga yowe, hata akinywa maziwa?"

Nilitamani kusema hapana. "Ataendelea," nikasema. "Na atazidi."

Alichora chini kwa ncha ya fimbo. Kisha akatoa hukumu, nami naiandika kama alivyoitoa. Ng'ombe wa Bujiku wasitoke zizini kabla mwenyewe hajawaona. Maziwa yakamuliwe mbele yake. Yowe lake likisikika, kijiji kisitoke, lakini nyumba tano za karibu zitoke, kila mara, bila kuchoka, na waache silaha nyumbani. Wamwambie ng'ombe wamepatikana. Nyumba isiyokwenda itatozwa kama kawaida.

"Hukumu hiyo ni mpaka lini?" mtu akauliza.

"Mpaka aache kuita," akasema Mahona, akanyanyuka akikung'uta suruali yake.

Wamefanya hivyo kwa mwaka na nusu sasa. Kuna wiki anaita mara moja, kuna wiki anaita kila siku. Wanakuja, wengine na mikono ya udongo, wanasimama zizini, wanasema, "Tumewapata, mzee, wamerudi wote." Anawashukuru kwa majina, siku nyingine majina ya baba zao. Lukresia anawapa maziwa, wanakunywa, wanarudi mashambani. Mimi bado nafundisha protini hizo kwa kidato cha sita. Nafundisha polepole, na situmii mfano mpaka niwe nimeuliza wamebaki na nini.

Mwezi uliopita nilikwenda Jumamosi asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha na udongo mweusi ulikuwa umeinasa bodaboda kabla hatujafika. Nikashuka. Nilikuwa navua viatu nilipolisikia yowe. Sauti imekuwa nyembamba siku hizi, lakini ni yake. Nilikimbia, mimi mama wa miaka arobaini na ushee, sketi nimeikusanya mkononi, matope mpaka magotini. Nyumba tano zilikuwa zinatoka, namwona Shigela anachechemea kwa mbali. Nikawapita wote. Nilikuwa wa kwanza kufika.

Baba alikuwa mlangoni mwa zizi, ng'ombe nyuma yake, wote wamo. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Umetoka wapi?"

"Bariadi, baba."

"Umesikia yowe langu?"

"Nimelisikia."

Alinitafuta usoni kwa muda, na nilisubiri aniite mayu. Nilisubiri sana. Kisha akamgeukia Lukresia, aliyekuwa ameshika kibuyu.

"Huyu mwanamke simjui," akasema, "lakini amenikimbilia. Mimi nitakunywa kesho. Mpeni yeye."

Lukresia alinitazama. Nilikipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa nikiwa nimesimama, na baba akanisubiri mpaka nimalize.